Kichwa cha Godoro, Sentimita Arobaini na Nane

Jumatatu, 4 Machi

Godoro amemkalia muuza mkate.

Naandika polepole ili iniingie. Mbwa wangu, kilo arobaini na kitu, katoka getini saa tisa na nusu, kaiangusha baiskeli ya muuza mkate, kisha kamkalia yule kaka kifuani na kula mikate minne huku akimtazama usoni. Hakumng'ata. Hilo nitalisema mpaka sauti ikauke. Suruali ilichanwa na pedali.

Nilitoka mbio na pini mdomoni, nilikuwa kwenye pindo la sare ya shule. Nikamvuta Godoro kwa mkia. Muuza mkate akanyanyuka, akajipapasa, akahesabu vidole. Akasema yuko mzima, ila roho imeshuka kwenye soksi na haijui njia ya kurudi.

Yangeishia hapo. Lakini ng'ambo ya barabara alikuwepo Mama Katibu. Huyu ni katibu wa kamati ya mtaa. Ana kidaftari kisichotoka mkononi. Ana pia kimbwa cheupe kiitwacho Malaika, kimeshang'ata vifundo vya watu watatu na hakijaandikwa kwenye kidaftari hata mara moja. Alikuwa anaandika huku anatembea. Nikamuuliza, dada, unaandika nini. Akasema anaandika alichokiona. Nikachungulia. Neno moja: shambulio.

Shambulio! La mikate!

Na geti? Geti lilikuwa limefungwa. Shajara ni yangu na hivyo ndivyo nitakavyoandika. Lilifungwa na lastiki ya kiuno cha sketi, kwa sababu komeo lilikatika mwezi wa kumi na mbili na fundi wa kuchomelea hapatikani. Yaani sijamtafuta. Baba Bosi, mume wangu, amenikumbusha mara tatu.

Lakini lastiki ilikuwa mpya kabisa.

Jumanne, 5 Machi

Mama Katibu kaleta barua, kaisoma mlangoni kama mtu anayesoma hukumu. Manispaa inakusudia kupiga marufuku aina sita za mbwa hatari. Kila mtaa upeleke orodha yake kabla mwezi haujaisha. Watakaoandikwa watachukuliwa. Nikauliza wanachukuliwa wanapelekwa wapi. Akakunja barua. Akasema barua haijafika huko.

Kikao Jumamosi. Godoro alikuwa amelala miguuni pangu wakati wote, tumbo juu.

Nimempigia simu Baba Bosi. Yuko njiani na lori, siku ya nne. Akaniuliza geti lilifungwa na nini. Nikasema simu inakatika.

Sasa niandike ukweli, maana nimekaa na mwanangu Bosi mapajani na hakuna anayeniona. Bosi ana mwaka mmoja na miezi minne. Mchana halali mpaka aweke mguu mmoja juu ya tumbo la Godoro. Nimejaribu mto. Nimejaribu blanketi lililoviringishwa. Nimejaribu tumbo langu mwenyewe, akanipiga teke. Mguu ukigusa yale manyoya tu, macho yanazima kama taa. Saa saba hadi saa tisa. Hizo ndizo saa zangu mbili za cherehani na za kuwa mtu.

Na si usingizi tu. Neno lake la kwanza lilikuwa "Godo." La pili "Godo." "Mama" limekuja la nne, baada ya "mkate." Sina wivu. Wivu wa nini, na mbwa?

Hawamchukui.

Jumatano, 6 Machi

Mpango wa kwanza: muuza mkate mwenyewe. Akisema aliteleza, hakuna kesi.

Nikamwambia alete ile suruali, nitaishona bure. Akaileta akiwa ameishika kwa vidole viwili. Nikaishona kwa moyo wote. Nikatia kiraka kwa ndani, nikapiga pasi mpaka mikunjo ikasimama kama kisu. Nikamkabidhi kwa mikono miwili, nikamwambia, kaka yangu, barabara yetu ina mchanga, mtu anateleza bila kujua.

Akanitazama. Akasema yeye anapita barabara hii miaka sita na hajawahi kuteleza akaangukiwa na mbwa juu yake. Akasema atasema yaliyotokea, si zaidi na si pungufu: hakung'atwa, alikaliwa. Akanishukuru kwa suruali. Akaenda.

Baada ya robo saa karudi. Kumbe nimeishona mifuko yote miwili ikazibika. Chenji haiingii.

Jana usiku nililala kwa saa nne tu, jino la Bosi.

Jumamosi, 9 Machi

Kikao. Tulifanyia chekechea, tukakaa kwenye vile viti vidogo, magoti masikioni. Ni vigumu kumwogopa mtu akiwa amekaa hivyo, lakini Mama Katibu aliweza.

Nesi wa kona alianza. Kasema yeye ndiye anayefunga vidonda. Ameona mkono wa mtoto uliopita kwenye meno ya mbwa mkubwa na hataki kuuona wa pili. Mbwa wote wakubwa waondoke, tulale. Nilitaka kukasirika nikashindwa, maana nilikuwa nimemshika Bosi na nikajikuta nauangalia mkono wake.

Fundi wa kuchomelea akasimama. Kumbe anapatikana. Kasema mbwa hajitengenezi, anatengenezwa na mwenyewe, kwa hiyo muulizeni mwenyewe kwanza. Nesi akamjibu mwenyewe hana meno yale. Watu wakacheka, halafu wakanyamaza, maana lilikuwa jibu.

Mama Katibu akasoma kidaftari. Muuza mkate akasema yaliyotokea, si zaidi na si pungufu. "Alikaliwa" ikaandikwa. "Shambulio" haikufutwa.

Tatizo likaja kwenye zile aina sita. Barua ina picha, lakini imepigwa fotokopi ya fotokopi, vimebaki vivuli vyeusi sita vyenye masikio. Na mbwa wa mtaa huu hakuna anayejua baba zao. Wote ni mchanganyiko. Kila mtu akawa anaona kwenye picha mbwa wa jirani yake.

Ndipo Mzee Mwenyekiti wa mtaa akainuka. Alikuwa mpimaji wa ardhi miaka thelathini na moja, na jambo lisilo na namba linamwasha mwilini. Akaiinua barua dirishani, akafumba jicho moja. Akasema anaona kitu kimoja tu kinachofanana kwa wote sita: kichwa kikubwa. Basi tupime vichwa. Kuzunguka kichwa, mbele ya masikio. Kinachozidi sentimita arobaini na tano kinaandikwa, mbwa wa mwenyekiti au wa nani.

Kila mtu akapumua. Namba! Likapita mikono juu. Nesi akasema kichwa hakiumi, mdomo ndio unaouma. Wakamwambia wamemsikia.

Tukitoka, fundi wa kuchomelea akanong'ona, Mama Bosi, lile komeo lako vipi. Nikamfinya Bosi kidogo ili alie tupite.

Jumapili, 10 Machi

Nimempima. Arobaini na nane.

Nimempima tena akiwa ametoa pumzi. Arobaini na nane.

Mpango wa pili: ni manyoya. Mtu akinyeshewa mvua anakuwa mdogo. Nikamwogesha Godoro kwenye beseni la Bosi kwa sabuni ya Bosi, nikamnyoa kichwa kwa mkasi wa kitambaa, nikampaka poda ili asiwashwe. Bosi alipiga makofi muda wote.

Arobaini na nane. Sasa ana kichwa kikubwa chenye upara kinachonukia mtoto mchanga.

Jumatatu, 11 Machi

Mzee Mwenyekiti kaja mlangoni kofia mkononi. Zoezi ni Jumatano. Kwa bahati mbaya tepu yake ni ya chuma, ya mita hamsini. Ameijaribu kwa mbwa wake Dira, Dira akaingia chini ya kabati na hajatoka. Ikambidi ampime hukohuko kwa uzi na rula. Arobaini na mbili, kasema, kwa fahari kama anasifia mjukuu.

Je, fundi cherehani ana tepu laini ya kuazima?

Nilimjibu kwa utulivu kwamba ipo. Nilimwambia nitaileta mwenyewe Jumatano. Nilifunga mlango kwa utulivu. Halafu nikacheza.

Tepu ni yangu!

Jumanne, 12 Machi

Mpango wa tatu, na huu hauna kasoro.

Saa saba Bosi kaweka mguu kwenye tumbo la Godoro, kazima. Nikachukua tepu ya zamani. Nikakata kipande cha sentimita tano, kuanzia ishirini hadi ishirini na tano. Nikaunganisha ncha, nikapiga mshono mdogo mdogo kwa uzi wa rangi ileile. Huwezi kuuona usipojua ulipo. Nimeshona magauni ya harusi ambayo hayakupata mshono mzuri hivyo.

Akili yake ni nyepesi: tepu fupi, kichwa kifupi. Arobaini na nane toa tano, arobaini na tatu. Godoro anapita na chenji ya mbili inabaki.

Nilitaka kuijaribu kwanza. Bosi akaamka. Haina haja. Hesabu ni hesabu.

Nimemsamehe Mama Katibu moyoni. Ukiwa mshindi ni rahisi.

Jumatano, 13 Machi

Mbwa kumi na mmoja na wenyewe, uwanja wa chekechea. Mama Katibu mezani na kidaftari. Nikamkabidhi Mwenyekiti tepu. Akaivuta, akaitazama mwanzo na mwisho, akasema tepu nzuri. Uso nikauweka wa kanisani.

Akasema haki huanzia nyumbani, akamleta Dira wa kwanza. Dira ni mbwa mzee wa kahawia anayeomba radhi kabla ya kukaa. Mwenyekiti akamzungushia tepu kichwani. Akasoma. Akaondoa miwani, akaifuta, akasoma tena.

Arobaini na saba.

Nikafikiri amekosea. Akaja mbwa wa Nesi, anayelinda kuku. Arobaini na sita. Akaja wa fundi wa kuchomelea. Hamsini kasoro moja. Watu wakaanza kunong'ona. Kila anayepimwa ana kichwa cha hatari. Malaika peke yake ndiye aliyepita, thelathini na nne, na alimng'ata Mwenyekiti kidole gumba wakati wa kupimwa. Haikuandikwa.

Mimi nimesimama na Bosi mgongoni, naangalia tepu ikizunguka vichwa, na polepole sana, kama maji yanayopanda kwenye kitambaa, ikaniingia. Ukikata namba katikati, kichwa kinaziruka. Kinatoka ishirini kinaanguka ishirini na tano. Sikuvipunguza vichwa. Nimeviongeza. Vyote.

Miaka saba nashona watu!

Godoro: hamsini na tatu. Watu waliguna. Mama Katibu alipigia mstari mara mbili.

Kumi kati ya kumi na mmoja wameandikwa. Ukimtoa Godoro, nimewapeleka mbwa tisa kwenye orodha kwa mshono wangu mwenyewe. Mwenyekiti aliandika jina la Dira kwa mkono wake, herufi kwa herufi. Hakumsogezea mtu mwingine kalamu. Akasema labda uzi ndio uliomdanganya, kifaa hakina upendeleo. Halafu akaitia tepu mfukoni na kwenda nyumbani bila kuaga. Dira akamfuata, kichwa amekiinamisha kana kwamba kweli ni kikubwa.

Sijala. Bosi alilala, mguu mahali pake. Nimekaa nawatazama badala ya kushona.

Alhamisi, 14 Machi

Asubuhi kaja Mzee Mwenyekiti. Nilikuwa natundika nepi. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka tepu juu ya meza ya kukatia, akaikunjua polepole mpaka kwenye ishirini. Akaweka kidole.

Nilitaka kusema ni tepu ya zamani. Nilitaka kusema ni panya. Nikafungua mdomo, nikaona jinsi macho yake yalivyovimba, nikaufunga.

"Miaka thelathini na moja," alisema, "watu wamejaribu kunidanganya. Wote walirefusha kamba, mwanangu. Wewe ni wa kwanza kuifupisha."

Nikamwambia shikamoo, maana sikuwa nimemwamkia. Akaitikia. Halafu akasema mshono ni mzuri sana.

Nikalia. Nilisema yote. Usingizi wa mchana, mguu, tumbo, Godo. Nilisema naomba radhi kwa Dira. Akamtazama Bosi anayemvuta Godoro mdomo wa juu ili ahesabu meno. Godoro alikuwa amevumilia mpaka amesinzia.

Akasema jana hakulala. Alikaa na Dira jikoni akijiuliza mbwa aliyeogopa tepu anawezaje kuwa hatari kwa namba mbili. Alipoiona ile ishirini na tano ikifuata ishirini, alikasirika sana. Kisha akapumua kama mtu aliyetolewa jiwe kifuani. Kisha akakasirika tena, safari hii na yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa tayari kumpoteza mbwa wa miaka kumi na moja kwa sababu ya utepe. Nesi alikuwa sahihi, kasema. Alipima kilichokuwa rahisi kupimwa.

Amempigia daktari wa mifugo. Anakuja Jumamosi kuwatazama wote upya, mbwa na wenyewe. Orodha ya jana ataifuta, atasema kifaa kilikuwa na kasoro.

Mlangoni akageuka. Akasema hatamwambia mtu, lakini Jumamosi daktari atauliza maswali na hapo hatakuwa na la kunisaidia.

Nimepumua nusu. Nusu nyingine ya Jumamosi.

Ijumaa, 15 Machi

Mpango wa nne, mdogo tu. Sufuria nzima ya uji na maziwa, Jumamosi alfajiri. Mbwa aliyeshiba hana neno na mtu.

Pili, kuhusu geti nimeandaa jibu: upepo. Nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo. Ulikuwa upepo mkali, daktari. Uso unakubali.

Jumamosi, 16 Machi

Daktari ni dada mdogo kuliko mimi, kavaa buti za mpira, na haongei sana. Jambo la kwanza aliuliza nani alitoa wazo la kupima vichwa. Mwenyekiti akainua mkono kama mtoto wa shule. Daktari akasema yeye akikosa usingizi huwa anafikiria ua na mageti. Vichwa hajawahi kuvifikiria.

Alimchukua kila mbwa. Akadondosha mfuniko wa sufuria nyuma yake. Akamwondolea bakuli la chakula katikati ya kula. Akamkaribia akiwa amevaa koti kubwa na kofia. Aliandika.

Godoro: mfuniko ulipoanguka aligeuza sikio moja. Bakuli lilipoondolewa hakujali, tumbo lilikuwa ngoma. Mtu wa koti alipofika, Godoro alikuwa ameshalala. Daktari akamminya tumbo kidogo, akaniuliza amekula nini. Nikasema uji. Kiasi gani. Nikasema kiasi. Akaandika. Akasema atarudi kumpima siku asiyoijua mtu, mbwa akiwa na njaa zake za kawaida.

Malaika: mfuniko ulipoanguka aliushambulia. Bakuli lilipoondolewa alimng'ata daktari buti na hakuachia. Daktari alitembea naye hatua nne akiwa ananing'inia. Mama Katibu alisema anacheza. Daktari akauliza amecheza hivi na watu wangapi. Halafu muuza mkate, aliyekuwa ameegemea baiskeli yake, akainua suruali na kuonyesha kifundo.

Ikaja zamu ya wenyewe. Nani analisha. Nani anatembea naye. Anatoka amefungwa na nini. Na mwisho, nyumba inafungwa na nini.

Kwangu alifika na maswali yote manne, akasimama kwenye la mwisho. Siku ile, geti lilikuwa limefungwa na nini?

Upepo ulikuwa tayari mdomoni. Uso pia. Watu wote wamenitazama: Nesi, Mwenyekiti, Mama Katibu kalamu juu. Na Bosi chini ya miguu yangu, amejishika kwenye sikio la Godoro, anajaribu kusimama. Yule Nesi naye alikuwa anamwangalia Bosi, mkono wake. Nikaona mikono yote miwili kwa wakati mmoja, huu wa mwanangu na ule aliouzungumzia siku ya kikao.

"Lastiki," nikasema. "Ya sketi. Komeo lilikatika mwezi wa kumi na mbili na sikulitengeneza. Mbwa hana kosa. Mimi ndiye niliyeacha geti."

Kisha muuza mkate akakohoa.

"Basi mimi sikuangushwa na mbwa," alisema. "Niliangushwa na sketi."

Walicheka hadi Nesi akashika kiti. Hata daktari alitazama pembeni. Nami nilicheka, kisha nikakaa chini palepale, na Godoro akanilamba machozi, na alinuka poda.

Daktari akafunga faili. Akasema manispaa bado inabishana kuhusu aina, na hata wenzake hawaelewani. Yeye ameona mikono mingi iliyong'atwa na vimbwa vidogo ambavyo hakuna anayevikanya. Lakini mbwa mkubwa akikosea, kosa lake ni kubwa, kwa hiyo mwenye mbwa mkubwa hana ruhusa ya kuchoka. Alisema hivyo akinitazama, si kwa ubaya. Kwenye orodha ya mtaa hatampeleka mbwa yeyote. Atapeleka barua moja kwa kila mbwa, na masharti.

Godoro anabaki.

Naandika tena. Godoro anabaki!

Masharti: komeo la chuma ndani ya wiki moja, kamba na kifunga mdomo kila akitoka, na ile ziara ya kushtukiza. Malaika kapewa masharti yaleyale, neno kwa neno, kifunga mdomo kikiwemo. Mama Katibu aliyaandika mwenyewe kwenye kidaftari. Kalamu iligoma mara mbili.

Nimelala mchana wa leo. Mimi! Bosi mguu kwenye tumbo, mimi kichwa kwenye mgongo. Nimelala kama gunia.

Jumapili, 17 Machi

Fundi wa kuchomelea amekuja, amepiga komeo la chuma nene kama mkono wa Bosi. Nimelivuta kwa mikono miwili, halitikisiki. Nimelipiga picha nikamtumia Baba Bosi. Akajibu na kidole gumba kimoja, halafu cha pili, halafu akapiga simu akacheka tu.

Nimempelekea Mzee Mwenyekiti kitambaa cha kulalia Dira, nimekishona kwa mabaki ya sare. Akakikagua pande zote. Akapima kwa macho. Akasema ni mraba kamili.

Nimejifunza mengi mwezi huu. Ningeyaandika lakini nasinzia.

Jumatano, 20 Machi

Komeo lina kasoro moja. Linalia.

Si kulia kwa kawaida. Linapiga yowe kama mtu aliyekanyagwa. Wateja wanakuja saa nane kuchukua sare, wanalivuta, linapiga yowe, Bosi anaruka, usingizi kwisha. Juzi mara mbili. Jana mara tatu. Fundi amesema litie mafuta, lakini mafuta yapo juu ya kabati na kiti kina nguo.

Nimefikiri vizuri. Saa saba hadi saa tisa Godoro yuko ndani, chini ya mguu, amelala fofofo. Hatoki. Kwa hiyo kwa zile saa mbili tu, komeo halina kazi. Nimeliacha wazi, na ili geti lisipigepige nimelifunga na lastiki.

Si kama ile ya mwanzo. Hii ni pana, na nimeikunja mara mbili.

Muuza mkate hupita saa tisa na nusu. Bosi anaamka saa tisa. Katikati nina nusu saa nzima ya kurudisha komeo. Hesabu ni hesabu.

Saa nane na dakika arobaini. Nyumba kimya. Pindo la tatu limekaa vizuri. Mguu uko kwenye tumbo, tumbo linapanda na kushuka.

Naisikia kengele ya baiskeli kona ya juu. Leo amewahi.

Godoro amefungua jicho moja.